Je, Kumfichia Mwenzako Ulevi Wake Ni Upendo?



Pombe inapotajwa kanisani au katika semina za ndoa, maneno yote humwendea mlevi. Tunaambiwa juu ya mshahara anaoumaliza, juu ya ini lake, juu ya watoto waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Maneno hayo ni ya kweli na yafaa kusemwa. Lakini leo ningependa tumweke mlevi kando kidogo, tumtazame yule anayelala naye kitanda kimoja.

Chukulia nyumba moja, iwe ya Kakamega, Murang'a au Nairobi, hakuna tofauti. Jumatatu asubuhi mume hawezi kuinuka. Mke anachukua simu na kumpigia mkubwa wake wa kazi: "Baba watoto ameshikwa na malaria." Jumanne mwenye kilabu anatuma kijana na daftari la madeni. Mke anatoa pesa alizoweka za chama, analipa upesi kabla majirani hawajasikia. Jumatano mtoto anauliza mbona baba alilala sebuleni na viatu, naye anajibiwa kwamba baba alichoka na kazi. Jumapili mwenyekiti wa Jumuiya anauliza mzee yuko wapi siku hizi, na mke anasema amesafiri.

Hesabu mwenyewe. Katika wiki moja mama huyu amesema uongo mara tatu na kulipa deni lisilo lake, na hakuna hata shilingi aliyopata. Wala si mwanamke mwongo. Ukimwachia duka lako atakurudishia hesabu yote bila kupungua senti. Amefanya hayo kwa sababu alifundishwa na mama yake, na shangazi zake, na hata nasi makatekista, kwamba mke mwema husitiri nyumba yake. Basi swali langu ni hili: anachofanya ni upendo, au anashiriki dhambi?

Wako wanaojibu haraka. Mmoja husema uongo ni uongo, na amri ya nane haikuwasamehe walioolewa. Mwingine husema upendo hufunika dhambi, na mke anayetoa siri ya mume hana tofauti na adui. Nafikiri wote wawili wamepitwa na jambo, na ni heri twende polepole.

Wanaotetea kufunika huwa na hadithi ya Nuhu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, Nuhu alipanda mizabibu, akanywa divai yake, akalewa, akalala uchi hemani mwake. Hamu alimwona baba yake katika hali ile akatoka nje kuwaeleza ndugu zake. Shemu na Yafethi wao walichukua vazi, wakaenda kinyumenyume ili wasiuone uchi wa baba yao, wakamfunika. Wakasifiwa kwa hilo, na laana ikaangukia uzao wa Hamu. Wazee wetu wa Kiafrika, hata kabla ya kusoma kitabu hicho, walifundisha vivyo hivyo, kwamba uchi wa mzazi hautazamwi wala hausimuliwi.

Lakini tazama vizuri walichofanya vijana wale. Walifunika mwili wa mtu aliyelala. Hawakumwambia mtu yeyote kwamba mzee ana homa. Hawakwenda kumtafutia divai nyingine ili akiamka asikasirike. Tena Maandiko yanasema kwamba Nuhu alipolevuka alijua yaliyotendeka. Vazi lile lilimkinga na macho ya watu, wala halikumkinga na ukweli wake mwenyewe. Kumbe kuna kufunika aibu ya mtu, na kuna kufunika ugonjwa wake hata yeye asiuone. Wenyeji wa pwani yetu wana methali juu ya hilo la pili: mficha maradhi kifo humuumbua.

Kanisa nalo linafundisha pande zote mbili, ila sisi huwa tunashika upande mmoja tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489, inatufundisha kwamba hakuna anayelazimika kuufunua ukweli kwa mtu asiye na haki ya kuujua. Kwa hiyo jirani mwenye masikio marefu huna deni lolote kwake. Lakini namba 1868 inasema kwamba tunashiriki dhambi ya mwingine tunapoificha ilhali tuna wajibu wa kuitoa, au tunapomlinda anayetenda ubaya. Na namba 2480 inakataza kumridhia mtu kwa namna inayomtia nguvu katika uovu wake. Ukiziweka pamoja, utaona kwamba mke au mume hapaswi kujiuliza, "Niseme au nisiseme?" kana kwamba watu wote ni sawa. Ajiulize: huyu ninayemficha ana haki ya kujua? Na kificho changu kinalipwa na nani?

Tuanze na daktari, kwa maana hapo sina mashaka hata kidogo. Daktari ana haki ya kujua, na kumficha kunaweza kuua. Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014 zaidi ya watu 80 wakafa kwa sumu hiyo hiyo katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kitui, Makueni na Kiambu. Februari 2024 pombe ya sumu ikaua tena Kirinyaga. Methanoli haionyeshi makali yake mara moja. Mtu hulala, akaamka akidhani ni uchovu wa kawaida wa pombe, na saa nyingi zikishapita ndipo macho huanza kuona ukungu, kwa kuwa mwili umeigeuza sumu ile kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Dawa ipo akiwahiwa. Sasa mke anayefika hospitali na kusema, "Amekula chakula kibaya," amemnyima mumewe zile saa ambazo zingemwokoa. Alitaka kumwondolea aibu mbele ya muuguzi ambaye huenda hatamwona tena maishani.

Kuna na hili ambalo familia nyingi hazilijui. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, akiachishwa ghafla, mwili wake huasi. Mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi humpaa. Anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, na siku ya pili au ya tatu anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa. Kwa hiyo mgonjwa akilazwa kwa mguu uliovunjika, na mke akajibu kwamba mzee hagusi pombe, madaktari hawatajua nini kimempata siku ya tatu. Hali kadhalika wale wanaomfungia mlevi chumbani ili aache kwa nguvu, na hata wale wanaotaka aweke ahadi mbele ya altare Jumapili hii na asiguse tena kuanzia Jumatatu. Ahadi ni njema sana. Lakini kwa mnywaji wa kila siku njia ya ahadi ipitie kwanza hospitalini. Kusema hivyo si upungufu wa imani.

Mkubwa wa kazi ni jambo jingine, nalo ni gumu zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kumfuta mara moja mtu anayelewa kazini hata asiweze kufanya kazi yake ipasavyo. Kwa hiyo hofu ya mke si ya bure. Mume akifutwa, watoto ndio watakaolala njaa. Maoni yangu ni kwamba huna wajibu wa kwenda kumshtaki mumeo kwa mwajiri wake, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mwajiri kuona. Lakini usimkopeshe sauti yako. Mpe simu mkononi umwambie, "Mzee, hii hapa simu, zungumza nao mwenyewe." Aseme ukweli au aseme uongo, maneno yatakuwa yake, na atayasikia yakitoka kinywani mwake. Sitakudanganya kwamba kazi haiwezi kupotea. Yaweza. Lakini wake waliopiga simu kama hizo miaka kumi hawakuiokoa kazi. Waliichelewesha tu ipotee, na kwa kawaida mwajiri alikuwa amekwisha kuinusa ile malaria zamani. Kuna waajiri ambao mfanyakazi akiwaendea mapema, kwa hiari yake, humpa ruhusa ya kwenda kutibiwa. Kwa aliyefichwa hadi mwisho, nafasi hiyo huwa imepita.

Katika muda huo linda chakula na karo. Mwenye kipato chake akiweke mahali ambapo hakitaondoka usiku. Na ijulikane kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe au iwekwe rehani bila idhini ya wote wawili. Wengi huweka sahihi kwa uoga, halafu husema hawakujua.

Na deni la kilabu? Lisilipwe na pesa za nyumba. Nasema hivi nikijua kwamba wengine watakasirika. Mwenye kilabu anamwandikia mumeo kwa sababu anajua wewe utalipa, kwa hiyo mkopo ule haukutegemea uaminifu wa mume, ulitegemea aibu yako. Mama mmoja ataniambia, "Bora nimpe hiyo mia mbili anywe hapa karibu, kuliko aende mbali akalale mtaroni." Naelewa. Lakini kinachouzwa hapo karibu kwa mia mbili ndicho nilichokieleza juu, na hakuna ajuaye kilitiwa nini.

Yuko mtu mmoja ambaye Kanisa linamheshimu kwa jambo hili. Matt Talbot alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1856, akaanza pombe akiwa mvulana wa miaka kama kumi na miwili kazini kwa wauza divai. Alikunywa miaka kumi na sita. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alisimama nje ya baa Jumamosi moja bila senti mfukoni, akingoja rafiki aliowanunulia pombe mara nyingi wamwite ndani. Walipita, wengine wakamsalimu, hakuna aliyemwita. Akarudi nyumbani kwa mama yake mapema, akiwa mzima, akasema anakwenda kuweka ahadi ya kuacha. Aliahidi miezi mitatu kwanza. Hakunywa tena hadi alipofariki mwaka 1925 akiwa njiani kwenda Misa, na mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita akamtangaza kuwa Mheshimiwa. Najiuliza ingekuwaje kama Jumamosi ile mtu mwenye huruma angemlipia glasi moja. Rafiki wale hawakuwa watakatifu, na labda walikuwa bahili tu. Lakini Mungu aliutumia mfuko mtupu.

Watoto wana haki ya kujua, kwa kipimo cha umri wao. Mtoto wa darasa la pili anajua harufu ya chang'aa vizuri kuliko anavyojua sala ya Nasadiki. Ukimwambia baba ana malaria, hatajifunza kumheshimu baba. Atajifunza kwamba mama anaweza kusema kitu huku wote wawili mkijua si kweli, na kwamba ndani ya nyumba hii kuna jambo ambalo halitajwi. Mwambie, "Baba alikunywa pombe jana, na pombe imemfanya mgonjwa. Si kosa lako. Tunamwombea, na sisi wakubwa tunatafuta msaada." Hayo yanamtosha, na amri ya nne haijaguswa. Na tafadhali, mtoto asitumwe kilabuni kumwita baba. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 haitaki aliye chini ya miaka 18 aingie mahali pa pombe, na hata bila sheria, yale anayoyaona mle hayatoki kichwani kwa kuoga.

Sasa tumfikie yule anayefichwa kuliko wote, naye ni mlevi mwenyewe. Fikiri jinsi mambo yanavyokwenda. Usiku amevunja kiti, amemtukana mama mkwe kwa simu, ametapika mlangoni. Akiamka saa nne asubuhi, sakafu imepigwa deki, kiti kimepelekwa kwa fundi, nguo ziko kwenye kamba. Anauliza, "Jana nilirudi saa ngapi?" Anajibiwa, "Ulirudi salama." Na huenda kweli hakumbuki chochote, kwa maana pombe ikizidi ubongo huacha kuandika yanayotokea. Hivyo mtu huyu hajawahi kukutana na mlevi anayelalamikiwa. Hamjui. Shahidi wa pekee ni wewe, na wewe umefuta ushahidi wote kabla hajaamka. Halafu tunashangaa anapokana mbele ya padre kwamba yeye hunywa kidogo tu.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 25, yupo mwanamke aliyeolewa na mtu wa namna hiyo. Jina lake Abigaili, na mumewe Nabali, tajiri mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, mkali na asiye na adabu. Nabali aliwatukana watumishi wa Daudi, na Daudi akaja na watu 400 kuiangamiza nyumba ile. Abigaili hakusema Nabali ni mgonjwa. Hakumtetea. Alipakia mikate na divai na kondoo waliotayarishwa, akamwendea Daudi njiani, akamweleza wazi kwamba mumewe ni mpumbavu kama jina lake. Alimwambia nani? Alimwambia mtu mmoja tu, yule ambaye roho za watu wake zilikuwa mikononi mwake. Majirani wa Karmeli hawakuambiwa neno.

Aliporudi alimkuta mume katika karamu kama ya mfalme, amelewa chakari. Na hapa ndipo ninapomstahi mwanamke huyu. Hakumwambia kitu, dogo wala kubwa, usiku ule. Alingoja hadi asubuhi, divai ilipokwisha kumtoka Nabali, ndipo akamweleza mambo yote.

Wake wengi, na waume wengi wenye wake walevi, hufanya kinyume. Usiku husema yote, kwa kelele, na majirani wakasikia, na mlevi asisikie. Asubuhi hunyamaza, kwa sababu sasa nyumba imetulia na mzee anaongea kwa upole na hata ameahidi kununua nyama. Nani anataka kuvuruga asubuhi kama hiyo? Lakini asubuhi ndiyo saa ya pekee ambapo yuko mtu wa kuambiwa. Mtakatifu Monika naye hakubishana na Patrisi, mumewe mwenye hasira, wakati hasira iko juu. Alingoja ipoe, kisha akamweleza mambo yake. Mwanawe Agostino ameyaandika hayo katika Maungamo, na katika kitabu hicho hicho ameandika kwamba Monika mwenyewe, akiwa msichana, alikuwa ameanza kunywa divai kwa siri alipotumwa kuichota. Aliyemponya ni mjakazi ambaye siku moja, katika ugomvi, alimwita mlevi. Neno lile lilimchoma akaacha. Wazazi wake hawakuwa wamejua lolote.

Maneno ya asubuhi yawe machache na yawe ya mambo yaliyotokea, si ya tabia. Usiseme, "Wewe ni mlevi kama baba yako." Sema, "Baba watoto, jana ulirudi saa saba. Ulivunja kiti hiki. Mtoto alijificha chini ya kitanda. Sikukisafisha kile cha mlangoni, kiko pale. Nakuomba twende hospitali." Halafu nyamaza. Ukisema kila asubuhi itakuwa redio. Ukisema mara moja kwa kitu kilichoonekana, kitakaa.

Lazima tuseme pia mwisho wa hadithi ya Nabali. Aliposikia, moyo wake ulikufa ndani yake akawa kama jiwe, na baada ya siku kama kumi akafa. Kuambiwa ukweli hakukumwokoa. Nami siwezi kumwahidi mtu yeyote kwamba akiacha kuficha mwenzake atapona. Wengine huondoka nyumbani kwa hasira. Wengine huzidi. Ninachoweza kusema ni kwamba mlevi anayefichwa naye hufa, ila yeye hufa bila mtu kumwambia.

Wengine wataniuliza: mlevi ni mwenye dhambi au ni mgonjwa? Mara nyingi ni vyote viwili. Aliyeanza kunywa kwa hiari yake anaweza kufika mahali ambapo hiari imebaki kidogo sana, na Katekisimu katika namba 1735 inakubali kwamba mazoea hupunguza lawama ya mtu. Lawama yake tumwachie Mungu na kitubio. Kwa swali letu haibadilishi kitu. Ikiwa ni dhambi, usiishiriki. Ikiwa ni ugonjwa, usiufiche.

Basi aambiwe nani mwingine? Bwana wetu, katika Mathayo 18, ametupa utaratibu: kwanza ninyi wawili peke yenu, kisha mmoja au wawili zaidi. Hao wawili wachague vizuri. Wasimamizi wenu wa ndoa walisimama altareni kwa ajili ya siku kama hizi, si kwa ajili ya picha. Katika Chama cha Wanaume Wakatoliki huenda yuko mmoja ambaye mumeo anamheshimu, hasa ikiwa naye aliwahi kunywa akaacha. Padre wa parokia pia, lakini mwendee kwa mazungumzo ya kawaida. Wako wanaomaliza dakika kumi katika kitubio wakiungama dhambi za mume, na padre hawezi kuziondolea. Chama cha Pioneer, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898 na Padre James Cullen, Mjesuiti, kimefika nchini kwetu kwa ajili ya wanaotaka kujinyima pombe kwa heshima ya Moyo Mtakatifu. Vikundi vya A.A. vipo kwa walevi wenyewe. Mamlaka ya NACADA nayo ina simu isiyolipiwa, 1192, na mwenzi wa mlevi anaweza kuipiga hata kama mlevi amekataa.

Asiyefaa kuambiwa ni Jumuiya nzima katika maombi ya waamini. "Tuombee nyumba ya fulani, mnajua hali yake." Huo ni umbea uliovaa rozari. Wakwe ni wa kupimwa. Mama mkwe mwingine ni nguzo, mwingine atakwambia mwanawe hakunywa kabla hujaolewa.

Yote niliyosema juu ya kuzungumza asubuhi hayamhusu anayepigwa. Huyo kwanza aondoke mahali pa hatari pamoja na watoto, mazungumzo baadaye. Wapo wanaorudi kwenye kipigo wakifikiri kiapo cha ndoa kinawadai hivyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha yeye au watoto, mwili au roho. Jambo hilo hupelekwa kwa askofu wa jimbo, lakini kukiwa na hatari ya kuchelewa anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Ndoa haijavunjika, na sababu ikiisha wanarudiana. Aliyetoka saa nane usiku na mtoto mgongoni akaenda kwa dada yake hajakosa uaminifu. Na Sheria ya Kulinda Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu kuomba amri ya mahakama.

Nimesema sana "mume" kwa sababu ndivyo ilivyo mara nyingi. Lakini wake walevi wapo, na kificho chao ni kirefu zaidi. Mume huona aibu maradufu, humfungia ndani wageni wakija, au humrudisha kwao kimyakimya kama kitu kilichoharibika dukani. Mwili wa mwanamke huumizwa na pombe upesi kuliko wa mwanamume hata wakinywa kipimo sawa, na akiwa mjamzito anaumia pia yule wa tumboni. Mume wa namna hiyo asimame alipotaka mkewe asimame kama yeye ndiye angekuwa mlevi.

Halafu kuna siku ambayo wengi hawaiandalii, nayo ni siku ambayo mwenzako ameacha kweli. Amemaliza miezi sita, au mwaka. Hapo ndipo lile vazi la Shemu na Yafethi linapohitajika. Kiti kilichovunjwa zamani kisitajwe tena kila mnapokosana juu ya sukari. Watoto wasikumbushwe. Mkialikwa arusini na mhudumu akaja na chupa, naye mzee akaomba soda, si lazima wewe ueleze meza nzima kwa nini.